Uzi: Joto na unyevu katika tangi la kaa wa gamba hapa Mtwara, kifuniko kwanza na hita baadaye

Mleta uzi, Mtwara mjini

Wanajukwaa, salaam.

Wapo wenzetu wa mikoa ya kusini wanaouliza namna ya kuwafuga kaa wa gamba, yaani wale kaa wa nchi kavu wanaotembea na gamba la konokono mgongoni, ambao mtu yeyote aliyekulia Mikindani, Msimbati au Kilwa amewaona wakitoka usiku kwenye majani makavu juu ya mstari wa maji kujaa. Maswali mengi yanahusu hita: ipi inunuliwe, ya wati ngapi, iwekwe wapi. Ninaandika uzi huu kwa sababu naamini swali hilo si la kuanzia. Maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa kwa ajili ya watu wa Marekani na Ulaya, ambao majira ya baridi hupasha moto nyumba zao hadi hewa ya ndani ikakauka, kwa hiyo hulazimika kuongeza joto na maji kwa pamoja. Sisi tunaishi mahali ambapo kaa hawa wamejiishia wenyewe tangu zamani. Kazi yetu ni kuzuia kisipotee kile ambacho hewa ya pwani imekwisha kutupa, na chombo cha kwanza cha kazi hiyo ni kifuniko.

Nianze na kaa mwenyewe, kwa kuwa asiyejua anavyopumua hawezi kuelewa kwa nini unyevu unasisitizwa kiasi hiki. Kaa wa gamba wa nchi kavu ni wa jenasi Coenobita. Katika pwani yetu wamo Coenobita rugosus na Coenobita cavipes, na wale wanaouzwa zaidi katika maduka ya Marekani ni Coenobita clypeatus wa visiwa vya Karibi. Wote hupumua kwa matamvua, yaani viungo vya kupumulia kama vya samaki, yaliyobadilika yakaweza kuchukua oksijeni kutoka hewani, ila kwa sharti kwamba matamvua hayo yawe mabichi muda wote. Kaa hubeba maji kidogo ndani ya gamba lake ili kulilowesha tumbo lake laini na matamvua, na hewa inapokuwa kavu maji hayo hupotea. Kaa aliyetiwa kwenye ndoo wazi sebuleni, feni ikimpulizia, hafi siku hiyo. Hudhoofika polepole, hupunguza mwendo, hulegea akaning'inia nje ya gamba, na mwenye nyumba hudhani kwamba ni njaa au uzee, kumbe mnyama amekosa pumzi. Uzee wenyewe uko mbali, kwani kaa hawa wanaweza kuishi zaidi ya miaka 30.

Joto linalowafaa ni kati ya nyuzi 24 na 29 za Selsiasi, na unyevu wa hewa unaowafaa ni kati ya asilimia 75 na 85. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 70 kwa muda mrefu, matamvua huanza kuharibika. Joto likipanda juu ya nyuzi 32 na kubaki huko, kaa hufa, tena kwa haraka kuliko anavyokufa kwa baridi. Ukilinganisha viwango hivyo na hali ya hewa ya Mtwara utaona ninachokisema. Kwa sehemu kubwa ya mwaka chumba cha kawaida mjini kina joto hilo bila msaada wowote, na ni wakati wa kipupwe tu, Juni hadi Agosti, ambapo usiku hushuka hadi karibu na nyuzi 20. Wakati wa mvua unyevu nao huwa juu wenyewe. Shida kubwa iko mchana wa kiangazi, Septemba na Oktoba, jua linapokuwa kali na upepo ukipita chumbani, na shida hiyo haitibiwi kwa hita hata kidogo.

Hapa kuna jambo ambalo wafugaji wengi hulipita haraka, nami nawaomba mlisome kwa utulivu. Joto na unyevu havipandi pamoja. Chukua hewa ya usiku wa Julai yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 80, kisha ipashe moto mpaka nyuzi 27 bila kuiongezea maji. Unyevu wake utashuka hadi asilimia 52 hivi. Mvuke uliomo haujapungua, bali hewa yenye joto ina uwezo wa kubeba mvuke mwingi zaidi, na sasa ule uliomo ni kama nusu tu ya uwezo huo. Hita katika tangi lililo wazi, basi, ni mashine ya kumkausha kaa. Anayeweka hita bila kifuniko anamtoa mnyama kwenye baridi ambayo angeivumilia, akamtia kwenye ukavu usiovumilika.

Kifuniko chenyewe hakina ufundi mkubwa. Fundi yeyote wa vioo atakukatia kioo cha milimita 4 kulingana na mdomo wa tangi, na ni vizuri kukikata vipande viwili ili kimoja kisogezwe wakati wa kulisha bila kulifunua tangi zima. Acha upenyo mwembamba upande mmoja. Kaa wanahitaji hewa safi, lakini upenyo huo pamoja na kufunguliwa kila siku wakati wa kubadilisha chakula na maji vinatosha. Kioo kiwe kizito au kibanwe, kwa sababu kaa hawa hupanda na wana nguvu ya kusukuma kuliko umbo lao linavyoonyesha. Ikiwa tangi lako lilikuja na kifuniko cha wavu, lifunike juu yake kwa nailoni angavu na kuacha sehemu ndogo tu.

Kuna onyo moja linalotuhusu sana watu wa huku. Usifunike tangi kwa kipande cha chandarua chenye dawa, hata kikiwa cha zamani. Dawa za vyandarua ni za kundi la pairethroidi, na dawa za kundi hilo ni sumu kali kwa jamii yote ya kaa na kamba. Kwa sababu hiyohiyo, usipulize dawa ya mbu wala usichome ile ya kuviringisha katika chumba chenye tangi. Najua kwamba malaria si jambo la kufanyiwa mchezo, kwa hiyo ushauri wangu ni kulihamishia tangi katika chumba kisichopulizwa, wala siyo kuacha kujikinga.

Baada ya kifuniko unafuata mchanga, na kwangu mimi hiki ndicho kiini cha tangi zima. Mchanga ndio ghala la unyevu. Ukiwa na kina cha kutosha na umelowa kwa kipimo, hutoa mvuke kidogo kidogo usiku na mchana, na tangi lililofunikwa vizuri hubaki katika asilimia 80 bila mtu kugusa chochote. Mchanganyiko unaotumiwa na wafugaji wengi ni sehemu 5 za mchanga kwa sehemu 1 ya vumbi la makumbi ya nazi, kwa ujazo. Wenzetu wa nchi za mbali hulinunua vumbi hilo likiwa limekaushwa na kushindiliwa kama matofali, lakini huku kwetu lipo mahali popote wanapofua nazi na kupiga usumba. Liloweke, ulisuuze mara kadhaa mpaka maji yasitoke tena na rangi nzito ya kahawia, kisha ulichanganye na mchanga. Mchanga wa pwani unafaa ukioshwa kwa maji yasiyo ya chumvi hadi ladha ya chumvi iishe, na wa mtoni unafaa ukioshwa hadi tope liishe. Usiutumie wa ujenzi uliokaa karibu na saruji.

Kina kisipungue sentimita 15, au mara tatu ya urefu wa kaa wako mkubwa, chochote kitakachozidi. Sababu yake ni kwamba kaa hukua kwa kujivua ngozi ngumu ya mwili, na kazi hiyo huifanya akiwa amejifukia chini kabisa, ambako hukaa wiki kadhaa, na akiwa mkubwa hukaa hata miezi. Huko chini anategemea shimo alilolichimba lisimwangukie, na shimo halisimami kwenye mchanga mkavu. Kipimo cha unyevu wa mchanga ni kuufumbata kiganjani: ukifungua mkono ubaki umeshikamana, na ukiukamua usitoe tone la maji. Kwa tangi lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30, mchanga wa kina hicho ni lita 27, na uzito wake hufika kilo 40 kabla hujahesabu kioo na maji, kwa hiyo tafuteni meza ya mbao iliyo imara.

Maji yawekwe ya aina mbili, katika vyombo viwili vyenye kina cha kumtosha kaa kuzama, na jiwe au kipande cha usumba cha kupandia atokee. Chombo kimoja kiwe cha maji yasiyo ya chumvi. Ya bomba yakae wazi kwenye ndoo siku nzima ili klorini itoke. Chombo cha pili kiwe cha maji ya bahari, na hapa tuna neema ambayo wafugaji wa bara hawana. Yachoteni maji yakijaa, mbali na bandari na mifereji ya mji, kisha myachuje kwa kitambaa safi kisicho na sabuni. Chumvi ya mezani si mbadala. Hata chumvi ghafi ya mashamba ya chumvi ya Lindi haiwi mbadala, kwa sababu madini mengine ya bahari hubaki katika maji machungu yanayomwagwa chumvi ikishaganda. Chombo hiki kikipungua kwa kukauka kiongezewe maji yasiyo ya chumvi, kwani kinachopaa ni maji peke yake. Vyombo vyote viwili huchangia mvuke wa tangi, na mwenye pampu ndogo ya hewa akiitia bomba ndani ya chombo kimoja ili kitoe mapovu ataona unyevu ukipanda bila kunyunyizia.

Hakuna mfugaji anayeweza kuyafanya haya kwa kukisia. Nunueni kipimajoto na kipimaunyevu, na msikiamini kipimaunyevu kabla ya kukijaribu, maana vile vya bei nafuu hupotoka sana. Njia ya kukijaribu ni ya chumvi. Weka chumvi kwenye kifuniko cha chupa ya soda, itie matone machache ya maji mpaka ilowe bila kuyeyuka, kisha iweke pamoja na kipimo chako ndani ya chombo angavu kinachofungwa vizuri, na uviache usiku kucha katika chumba chenye joto la kawaida. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hutulia katika asilimia 75. Kipimo kikisoma 69, fahamu kwamba siku zote utaongeza 6. Kitundikeni karibu na uso wa mchanga, kwa kuwa huko ndiko kaa anakopumulia.

Mwisho wa andiko hili la kwanza niseme kuhusu joto kali, ambalo katika nyumba zetu ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko baridi. Chumba cha bati kisicho na dari, mwezi Novemba kabla mvua hazijakolea, hufikia joto la kumuua kaa saa nane mchana. Tangi la kioo lililofunikwa na kupigwa na jua la dirishani hufikia hapo mapema zaidi, hata katika kipupwe. Liwekeni kwenye ukuta wa ndani, chini kuliko juu, mbali na jua la moja kwa moja. Siku ya joto kali fungueni kifuniko nusu, mfunike sehemu iliyo wazi kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, ili maji yanayopaa yapoze hewa bila kuikausha.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji, Newala

Mkuu, nakushukuru kwa andiko lenye mafunzo. Ninaomba utufikirie sisi wa juu ya uwanda wa Makonde. Mwezi Julai huku tunaamka na ukungu, chumba kina baridi ya kutaka blanketi mbili, na hiyo habari ya joto kujileta lenyewe haituhusu. Pili, maji huku ni ya kununua kwa ndoo. Je, tangi la namna hii halitakuwa mzigo?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Newala, umesema kweli, na kwako hita ni ya lazima kwa miezi hiyo. Naomba tu uifuate kanuni ileile ya kuanza na kifuniko. Nunua pedi ya joto, ile bapa inayobandikwa kwenye kioo, na uibandike kwa nje kwenye ukuta wa nyuma wa tangi, juu ya usawa wa mchanga. Usiiweke chini ya tangi kamwe. Kaa anapoona joto limezidi hujifukia chini kutafuta ubaridi, na akikuta moto unatokea chini hana tena pa kukimbilia, wakati mchanga wenyewe unakauka kuanzia chini na kumwangukia aliyejivua. Pedi iwe ndefu kiasi cha kuchukua sehemu kubwa ya ukuta wa nyuma, ianzie upande mmoja ili upande wa pili ubaki na ubaridi kidogo, na kaa achague mwenyewe. Iunganishwe na themostati, yaani kifaa kinachoizima na kuiwasha pedi chenyewe kulingana na joto, na kihisio chake kikae ndani ya tangi karibu na mchanga, wala kisigusane na kioo chenye pedi.

Kabla ya kuongeza nguvu ya pedi, livishe tangi. Pande tatu za nje zizungushiwe godoro jembamba la sponji au boksi la karatasi ngumu juu ya pedi, ili joto lielekee ndani. Wengi hununua pedi ya pili ilhali ya kwanza inapasha moto ukuta wa nyumba.

Kuhusu maji, tangi lililofunikwa linakutunzia. Mvuke unaopaa hugonga kioo, huwa matone na kurudi mchangani, kwa hiyo kinachopotea kwa siku ni kidogo sana, na cha kubadilisha ni vile vyombo viwili tu. Tangi lililo wazi ndilo linalokula maji. Maji ya mvua uliyoyakinga yanafaa, mradi bati liwe limeoshwa na mvua za mwanzo. Maji ya bahari unaweza kuyabeba kwenye dumu safi unaposhuka pwani, na yakikaa gizani yakiwa yamefungwa hayaharibiki upesi.

Mchangiaji, Lindi mjini

Asalaam aleikum, ndugu mleta uzi. Mimi ni mama wa watoto wanne, na kaa hawa ni wa mwanangu wa tatu, wako watano. Tulielekezwa tunyunyizie maji asubuhi na jioni, nasi tumefanya hivyo kwa uaminifu. Kioo hakijakauka hata siku moja, ila sasa mchanga umeanza kutoa harufu ya matope ya mikokoni, na kaa wawili hatujawaona siku nyingi. Mtoto anataka tuwafukue. Tufanyeje?

Mleta uzi

Waaleikum salaam, mama. Kwanza nakuomba msiwafukue. Kaa aliye chini anaweza kuwa amekwisha kujivua, mwili wake ni laini kabisa, na kumshika wakati huo ni kumuua. Ngozi aliyoivua huwa karibu naye, na huila ili kurudisha kalisi mwilini, kwa hiyo hata kumhamisha tu ni kumnyima chakula anachokihitaji kuliko kingine chochote.

Pili, acheni kunyunyizia kuanzia leo. Maji yote mliyonyunyizia hayakubaki hewani, bali yamesharabiwa na mchanga, yakashuka na kukusanyika chini kabisa, ambako hewa haifiki, na bakteria wasiohitaji oksijeni ndio wanaotoa harufu hiyo. Tazameni kupitia kioo kwa chini: mkiona mstari wa maji yaliyotuama au tabaka jeusi, ndivyo ilivyo. Tafuteni kona ambayo hakuna dalili ya kaa kujifukia, mchimbe kwa kijiko kirefu hadi chini, taratibu, na kuingiza mrija mwembamba au bomba la sindano kubwa isiyo na sindano yenyewe. Vuteni maji yanayojikusanya, rudieni kesho yake, na kesho kutwa. Shimo hilo liachwe wazi. Kifuniko kisogezwe kwa upana wa vidole vitatu mpaka unyevu wa hewa ushuke hadi asilimia 80, huku mkiangalia kipimo msije mkaupitiliza kwenda chini.

Kama harufu ni ya samaki aliyeoza badala ya matope, hiyo ni habari nyingine, maana huenda kaa mmoja amekufa, na hapo itabidi kufuata harufu inakotokea na kuchimba sehemu hiyo peke yake.

Mchangiaji, Mtwara (mwanafunzi)

Shikamoo, mkuu. Mimi nina balbu ya zamani ya wati 60 inayotoa joto kubwa. Je, siwezi kuitumia juu ya tangi badala ya pedi, kwa kuwa pedi huku haipatikani kirahisi? Na umeme ukikatika usiku nifanye nini?

Mleta uzi

Marahaba, kijana wangu. Balbu ya namna hiyo hupasha moto hewa ya juu na kuikausha, inahitaji kifuniko kiondolewe ili isikipasue kioo, na mwanga wake humnyima kaa usiku wake, naye ni mnyama wa usiku. Kwako wewe uliye Mtwara mjini sioni kama unahitaji hita yoyote. Kaa wa pwani hii wanazaliwa na kuishi katika kipupwe hikihiki, na usiku wa nyuzi 21 au 22 ndani ya tangi lililofunikwa huwapunguzia mwendo tu. Blanketi moja kuzunguka tangi usiku linakutosha, likiacha upenyo wa hewa juu.

Kukatika kwa umeme kunamhusu zaidi mwenzako wa Newala. Chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo, zikisimamishwa nje ya tangi zikiegemea kioo na kufunikwa pamoja nalo kwa blanketi, hulivusha tangi usiku mzima. Asije mtu akaleta jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya kaa. Moshi wake usioonekana unaua watu waliolala.

Mchangiaji, Msimbati

Nimesoma yote kwa makini. Mimi ni mtu wa bahari, na swali langu ni la msingi zaidi. Kaa hawa ni wasafishaji wa fukwe zetu, hula mizoga na matunda yaliyooza. Kwa nini tuwafundishe watu kuwafungia kwenye vioo? Na huku kwetu ni ndani ya hifadhi.

Mleta uzi

Kaka, nalipokea swali lako kwa uzito wake. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo tangu mwaka 2000, na ndani ya mipaka yake hakuna ruhusa ya kujichukulia kaa wala makombe. Hilo lieleweke kwa kila anayesoma. Nje ya hifadhi pia, kila kaa anayefugwa ametolewa ufukweni, kwa sababu hawazaliani kirahisi tangini: jike hulazimika kuyaachia mayai yake baharini, na watoto huelea humo wiki kadhaa kabla ya kupata gamba na kupanda nchi kavu. Ndiyo maana ninasema wachukuliwe wachache wakatunzwa vizuri kwa miaka mingi, kuliko kuchukua wapya kila likizo. Namaanisha wawili au watatu wa ukubwa wa kati, kwa sababu hawapendi upweke, na wala si ndoo nzima.

Kaa wa minazi, Birgus latro, ambaye ni ndugu yao na akiwa mdogo hubeba gamba kama wao, asiguswe kabisa. Amekuwa adimu, na leo visiwa kama Chumbe kule Zanzibar ni miongoni mwa mahali pachache kwetu anapopatikana. Makombe matupu nayo yana wenyewe. Ufukwe uliookotwa makombe yote ni ufukwe ambao kaa wanaokua hawana pa kuhamia, kwa hiyo kwa ajili ya tangi ni afadhali kutumia magamba ya wale konokono wakubwa wa mashambani waliokufa, yaliyochemshwa na kuoshwa, ambayo kaa wa pwani hii huyakubali. Kuyapaka rangi hakufai. Rangi hubanduka na kuliwa.

Lakini watoto wengi watawaokota kaa hawa niwe nimeandika au sijaandika, na wengi wa kaa hao huishia kwenye ndoo kavu. Kama mzazi mmoja atasoma hapa na kuweka kifuniko, au akamrudisha kaa alikomtoa jioni ileile, nitakuwa nimefanya nilichokusudia.

Mchangiaji, Lindi mjini

Ndugu, ahsante sana. Tumevuta maji kama ulivyosema, yalikuwa meusi kweli, karibu kikombe kizima kwa siku ya kwanza. Harufu inapungua. Kipimo sasa kinasoma 82, na tumekijaribu kwa chumvi, kikasoma 73. Kaa mmoja ametoka usiku wa jana akiwa na rangi mpya. Yule wa pili bado.

Mleta uzi

Mama, hizo ni habari njema. Kipimo chenu kinasoma pungufu kwa 2, kwa hiyo unyevu wenu halisi ni 84, nanyi mko ndani ya kiwango, karibu na juu yake. Sogezeni kifuniko kidogo tu, kiasi cha kidole, msubiri hadi kesho jioni ndipo msome tena, kwa kuwa tangi lenye mchanga mwingi hubadilika polepole. Huyo aliyetoka awekewe mfupa mweupe wa dome au ganda la yai lililochemshwa na kupondwa, pamoja na kipande cha nazi. Yule wa pili, ikiwa ndiye mkubwa, anaweza kukaa chini mwezi mwingine au zaidi. Endeleeni kubadilisha maji na kuweka chakula upande mwingine wa tangi, wale waliotoka wasiwe na njaa ya kuchimba na kumfikia, na lile shimo la kona lifukieni siku mrija utakapotoka mkavu.